Saa ya Isle of Man, saa ya koaksia ya kiwandani, au saa ya wenzo: ipi ikufae?

Mtu anayetaka kununua saa ya mkono isiyotumia betri huuliza kwanza inakosea sekunde ngapi kwa siku. Sisi tunamshauri aanze na swali jingine: siku ikisimama, nani ataifungua? Saa tatu tunazozilinganisha hapa zinatofautiana kwenye swali hilo kuliko kwenye bei, na kuliko kwenye jina lililoandikwa usoni.

Ya kwanza ni saa iliyotengenezwa kwa mkono katika Isle of Man, kisiwa kilicho baharini kati ya Uingereza na Ireland. Kina kilomita za mraba 572, yaani ni kidogo kuliko Pemba, na kinajiendeshea serikali yake. Mwaka 1982 fundi saa Mwingereza George Daniels alihamia huko, mji wa Ramsey, akaishi na kufanya kazi mpaka alipofariki mwaka 2011. Mwaka 1998 Roger W. Smith, kijana kutoka Bolton, alimfuata ili wafanye kazi pamoja, na mwaka 2001 akaanzisha karakana yake mwenyewe kisiwani. Karakana hiyo ingali hai, na saa inazotoa kwa mwaka hazifiki 20.

Ya pili ni saa ya kiwandani iliyobeba uvumbuzi wa Daniels huyohuyo, eskepimenti ya koaksia (eskepimenti ni sehemu inayoiachia nguvu ya saa kidogo kidogo). Aliibuni katikati ya miaka ya 1970, akahangaika nayo kwa makampuni ya Uswisi zaidi ya miaka 20, hadi Omega walipoanza kuiuza mwaka 1999.

Ya tatu ni saa ya wenzo, yenye eskepimenti ya kawaida. Mfumo huu ulibuniwa na Mwingereza Thomas Mudge karibu mwaka 1755, na leo umo ndani ya karibu kila saa ya kutia ufunguo au otomatiki unayoikuta dukani, kuanzia Seiko 5 hadi Rolex.

Kinachotofautiana ndani

Nguvu ya saa hutoka kwenye kamani, ule utepe wa chuma uliozungushwa ndani ya pipa lake. Kamani ikiachwa huru itajikunjua yote kwa mkupuo. Eskepimenti ndiyo inayoizuia na kuiachia hatua kwa hatua, kila gurudumu la mizani linapokwenda na kurudi, na papo hapo inalisukuma gurudumu hilo ili lisipoteze mwendo. Mlio wa saa ni huo: jino linakamatwa, linaachiwa, linakamatwa jingine.

Katika saa ya wenzo, wenzo una vito viwili vya rubi. Jino limeegemea kito cha kwanza. Gurudumu la mizani likirudi, pini yake inaupiga uma wa wenzo, kito kinachomoka, na jino linateleza juu ya uso wa kito likikisukuma mpaka lidondoke ukingoni. Kito cha pili kinalidaka jino jingine upande wa pili. Tatizo liko kwenye huko kuteleza. Mashine inayopiga mara 28,800 kwa saa moja inapiga mara 691,200 kwa siku, na zaidi ya milioni 252 kwa mwaka. Kila pigo ni chuma kinachosugua rubi, kwa hiyo lazima pawe na mafuta, tena kidogo mno na mahali pake hasa. Mafuta yakizeeka huwa mazito, au hutambaa na kuuacha uso wa kito mkavu. Bembea ya mizani, ambayo kwenye saa yenye afya iliyojazwa ufunguo hufika nyuzi 270 hadi 310, inashuka hadi 220 na chini yake. Hapo saa inaanza kwenda ovyo. Ikilala chali inawahi, ikisimamishwa kwa ubavu inachelewa, na mwenyewe anadhani inahitaji kurekebishwa tu. Kumbe haihitaji kurekebishwa. Inahitaji kufunguliwa yote, kuoshwa na kutiwa mafuta mapya.

Daniels alitaka kukuondoa kuteleza kwenyewe. Aliweka magurudumu mawili, kubwa na dogo, juu ya ekseli moja, na jina la koaksia limetoka hapo. Wenzo wake una vito vitatu, na kito cha nne kimefungwa kwenye sahani ya mizani yenyewe. Mizani ikienda upande mmoja, jino la gurudumu kubwa linakisukuma kito cha mizani moja kwa moja, wenzo haushiriki. Ikirudi, jino la gurudumu dogo linasukuma kito cha katikati cha wenzo, na wenzo ndio unaoisukuma mizani. Vito viwili vilivyobaki kazi yake ni kukamata tu. Jino na kito vinasukumana kwa muda mfupi na kuachana, kama meno ya gia mbili yanavyosukumana, badala ya kukokotana. Mafuta hayana tena kazi kubwa kwenye msukumo, kwa hiyo kuzeeka kwake hakuiangushi saa haraka.

Hapa wauzaji wengi huchanganya mambo. Koaksia haimaanishi saa sahihi zaidi siku ya kwanza. Saa ya wenzo iliyorekebishwa na fundi makini inaweza kuishinda siku hiyo, na hata mwaka huo. Faida ya koaksia inaonekana mwaka wa nne au wa tano, pale mwenzake anapokuwa ameshaanza kuyumba nayo bado inaenda mwendo uleule. Wala si kweli kwamba haitiwi mafuta kabisa. Ncha za ekseli zote, kamani na gia nyingine zinahitaji mafuta kama saa yoyote, na hata kwenye eskepimenti yenyewe kiwanda kinaelekeza kiasi kidogo sana.

Gharama yake ni ugumu. Nafasi za usalama kati ya jino na kito ni finyu kuliko za wenzo. Magurudumu mawili lazima yapangwe kwenye ekseli moja kwa namna ambayo kila jino la dogo liko mahali pake sawasawa likilinganishwa na la kubwa. Likipotoka kidogo tu, pigo moja linakuwa na nguvu na jingine dhaifu. Smith alilimaliza tatizo hilo kwenye saa zake kwa kuyafanya magurudumu yote mawili kuwa kipande kimoja chenye ngazi mbili za meno. Hakuna tena cha kupanga, na uzito umepungua. Kwetu sisi hayo ni maendeleo makubwa kuliko mapambo yote yanayosifiwa kwenye saa za kisiwani.

Namba za mashine tatu unazoweza kukutana nazo

| | Omega 8500 (koaksia) | ETA 2824-2 (wenzo) | Seiko 7S26 (wenzo) |
|---|---|---|---|
| Mapigo kwa saa moja | 25,200 | 28,800 | 21,600 |
| Vito | 39 | 25 | 21 |
| Ikijaa inaenda kwa | saa 60, mapipa mawili | saa 38 | takriban saa 41 |
| Kutia ufunguo kwa mkono | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Pembe ya msukumo (nyuzi ambazo mizani huzunguka ikisukumwa) | 38° | 50° | 53° |

Mashine ya kwanza ya koaksia ya Omega, 2500, ilijengwa juu ya mashine ya ETA, kiwanda cha Uswisi cha mashine za saa, na ikaanza na mapigo 28,800. Baadaye waliyashusha hadi 25,200. Ile 8500 ya mwaka 2007 ilichorwa upya ikiizunguka koaksia tangu mwanzo, na inaonekana. Ukipewa nafasi ya kuchagua kati ya saa iliyotumika yenye 2500 na yenye 8500, ongeza fedha uchukue 8500.

Kuhusu sekunde: cheti cha kronomita cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima saa, kinaruhusu kuchelewa sekunde 4 hadi kuwahi sekunde 6 kwa siku. Cheti cha Master Chronometer, ambacho Omega walianza nacho mwaka 2015 chini ya taasisi ya vipimo ya Uswisi, METAS, kinataka saa isichelewe kabisa na isiwahi zaidi ya sekunde 5, na istahimili sumaku ya gauss 15,000. Seiko kwa 7S26 wanatangaza kuchelewa 20 hadi kuwahi 40, ingawa nyingi zikirekebishwa zinakaa ndani ya sekunde 10. Siku ina sekunde 86,400. Hata saa inayokosea 10 ina kosa la chini ya asilimia 0.012, na hakuna basi wala swala utakayoikosa kwa hilo.

Mkono unaleta nini ambacho mashine haileti

Uingereza ya zamani haikuwa na desturi ya mtu mmoja kutengeneza saa nzima. Saa ilipita kwa watu wengi: huyu anakata pinioni (gia ndogo za chuma), yule anachonga mishale, mwingine uso, mwingine kasha. Biashara hiyo ilipokufa, ujuzi ulitawanyika nayo. Daniels aliukusanya tena ndani ya mtu mmoja. Hesabu inayotajwa ni kwamba kati ya fani 34 zinazohitajika kutoa saa, fundi wa njia ya Daniels anazimudu 32.

Kwa vitendo ni hivi. Gurudumu linaanza kama kipande cha bamba la shaba. Linakatwa mviringo, linafungwa kwenye mashine yenye sahani ya kugawia duara, na kila jino linakatwa kwa zamu yake. Pinioni inakatwa kwenye chuma cha kaboni, inapashwa mpaka iwe nyekundu, inazamishwa kwenye mafuta ili iwe ngumu, kisha inapashwa tena polepole hadi karibu nyuzi 300 za Selsiasi, inapogeuka bluu. Ukiiruka hatua ya pili, inabaki ngumu kama kioo na kuvunjika kama kioo. Ukizidisha moto, bluu inapauka na chuma kinalainika. Baada ya hapo ncha za ekseli zinakerezwa na kung'arishwa. Za mizani huwa na unene wa karibu milimita 0.1, na mkwaruzo usioonekana kwa macho unatosha kula bembea.

Uso wa saa za Daniels na Smith ni wa fedha. Michoro yake haigandamizwi kwa chapa. Inakatwa mstari kwa mstari kwa mashine ya zamani inayozungushwa kwa mkono, huku mkono wa pili ukisukuma kisu kwa shinikizo moja. Mkono ukitetereka kwenye mstari wa mwisho, kazi yote inatupwa. Pete za namba zinapashwa moto na kutumbukizwa kwenye asidi hafifu, tena na tena, mpaka fedha inabaki nyeupe isiyong'aa. Mishale (akrabu) inakatwa kwa msumeno mwembamba, inapigwa tupa, inang'arishwa, na ile ya chuma inachomwa bluu.

Ukishika saa mkononi, una njia mbili za kutambua kama kazi ni ya mkono. Tazama bluu ya mshale kwenye mwanga huku ukigeuza saa: bluu ya moto inahama kutoka karibu nyeusi hadi bluu angavu, bluu ya rangi haihami. Kisha chukua lenzi utazame kona za ndani za madaraja ya mashine (vipande vinavyoshika ekseli za magurudumu), zile zinazoingia kama pembe. Kona kali iliyong'arishwa hadi ndani kabisa imepitiwa na tupa na kijiti cha mti. Mashine inayozunguka huacha kona ya mviringo. Tahadhari kwa saa za kisiwani: mtindo wao ni wa Kiingereza, bamba lililotiwa dhahabu isiyong'aa, na vito vilivyofungwa ndani ya pete za dhahabu kwa skrubu. Anayetafuta mng'ao wa Kiswisi atadhani hazijamalizika.

Kiwango chenyewe kinaelezwa vizuri na kisa kinachojulikana. Saa ya kwanza ya mfukoni aliyoitengeneza Smith peke yake Daniels aliikataa, kwa sababu ilionekana imetengenezwa kwa mkono. Ilitakiwa ionekane kana kwamba imeumbwa tu. Smith alirudi kwao, akaanza upya, akachukua miaka 5 kuikamilisha ya pili, na mwaka 1997 Daniels akaikubali. Saa hiyo ilinadiwa New York mwaka 2023 kwa dola milioni 4.9 za Marekani. Saa ya mfukoni ya Daniels iitwayo Space Traveller I, ya mwaka 1982, ilikwenda London mwaka 2019 kwa pauni milioni 3.6.

Nani ataifungua

Saa ya wenzo yenye mashine ya kawaida inafunguliwa na fundi yeyote mwenye vibano, bisibisi nzuri, mafuta sahihi na utulivu. Vipuri vya ETA 2824-2, vya ndugu yake Sellita SW200 na vya Seiko vinapatikana kwa kuagiza, na kwa Seiko mara nyingi ni rahisi kubadilisha mashine nzima. NH36, mashine nyingine ya Seiko ambayo inatiwa ufunguo kwa mkono na kusimamisha mshale wa sekunde, inaingia mahali pa 7S26 bila kukata kitu, mradi urefu wa kifundo (kitufe cha ubavuni cha kutilia ufunguo) na duara la tarehe viangaliwe kwanza. Muda wa kuisafisha ni miaka 4 hadi 5, na mapema zaidi kama inavaliwa kwenye vumbi.

Kwa koaksia ya kiwandani mambo yanageuka. Kufungua na kuosha si tatizo. Tatizo ni vipuri, kwa sababu viwanda vikubwa huviuza kwa vituo vilivyoidhinishwa peke yake. Wenzo wake ukipata ufa hakuna wa kuuokota sokoni. Springi ya mizani ya silikoni, inayoipa saa kinga dhidi ya sumaku, haikunjwi wala kunyooshwa kama ya chuma. Inakaa sawa au inavunjika. Kiwanda kinashauri huduma kila miaka 5 hadi 8, na huduma hiyo ukiihesabu pamoja na nauli ya kifurushi, bima na ushuru wa kuingiza tena, inaweza kulingana na bei ya Seiko mpya kadhaa. Fundi wa mtaani akikwambia ataimudu, muulize amewahi kuzipangua ngapi na mafuta gani anaweka wapi. Anayejua atajibu bila kusita.

Saa ya mkono ya kisiwani inashangaza watu hapa. Kwa jambo moja ni rahisi kuliko zote kuitengeneza: kila kipande kinafunguka kwa bisibisi, karibu kila kipande, ukiacha vito, kimetoka kwenye shaba, chuma, dhahabu au fedha, na ni vichache vinavyohitaji kiwanda. Fundi mwenye kerezo na ujuzi wa kweli anaweza kutengeneza kipande kilichovunjika miaka 200 ijayo. Kwa jambo jingine ni ngumu kuliko zote, kwa kuwa mafundi wa namna hiyo ni wachache mno. Kipande cha saa moja hakiingii kwenye nyingine bila kupimwa na kulainishwa upya. Kwa sasa, kivitendo, inarudi kisiwani.

Bahari, jasho na sumaku

Kwa anayeishi Tanga, Mombasa, Zanzibar au Muscat, adui wa kwanza ni unyevu wenye chumvi. Saa ya kisiwani na saa nyembamba za wenzo hazikujengwa kwa bahari. Hapo saa ya kiwandani ya kuzamia, iwe ya koaksia au ya wenzo, inashinda bila mjadala. Kinachoizuia maji ni mpira wa oringi kwenye kifundo na mfuniko, na mpira hukauka. Pima kila mwaka, na kila mfuniko unapofunguliwa weka mpira mpya. Ukiona ukungu chini ya kioo, ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo. Kutu kwenye pinioni haingoji wiki.

Sumaku nayo imeongezeka: spika, mikoba yenye vifungo vya sumaku, vifuniko vya tableti. Saa ya wenzo yenye springi ya chuma ikipata sumaku huanza ghafla kuwahi dakika kadhaa kwa siku. Usiifungue. Iweke karibu na dira, na sindano ikicheza, kifaa cha kuondoa sumaku kitaimaliza kazi kwa sekunde chache. Fundi akikutoza huduma kamili kwa tatizo hilo, amekuonea.

Tungechagua vipi

Kwa saa moja ya kuvaa kila siku mahali ambapo kituo kilichoidhinishwa kiko nchi nyingine, tungechukua ya wenzo bila kusita, na fedha iliyobaki tungeiwekea huduma mbili za mbele. Kwa mwenye safari za mara kwa mara Dubai au London, anayechukia kupeleka saa kwa fundi, koaksia ya 8500 au mpya zaidi inamfaa kweli, na ile miaka ya ziada ya mwendo uliotulia ataiona. Saa ya Isle of Man tungemshauri anayetaka kazi ya mtu mmoja au wawili anaoweza kuwataja kwa majina, aliye tayari kusubiri miaka, na atakayeivaa kwa uangalifu. Akiinunua kwa ajili ya kuiuza tena, nafasi aliyoichukua kwenye foleni amemnyang'anya mtu aliyeitaka.

Ukinunua koaksia iliyotumika, ipime kwenye kile kifaa chenye maikrofoni kinachosikiliza mapigo, lakini kwanza weka pembe ya msukumo kuwa 38. Vifaa vingi vimewekwa 52 kutoka kiwandani. Saa yenye bembea ya kweli ya nyuzi 280 itasomeka zaidi ya 380 hapo, na yenye ugonjwa wa 210 itasomeka 287, yaani itaonekana nzima. Ijaze ufunguo kabisa, iache dakika 20, kisha ipime chali, kifudifudi na kwa pande nne za ubavu. Baada ya saa 24 bila kuigusa, rudia. Tofauti kati ya pozi moja na jingine ikizidi sekunde 15 kwa siku, au bembea ikiwa chini ya 200 baada ya siku nzima, punguza bei kwa gharama yote ya huduma au mrudishie mwenyewe.